Kabla Hamjanunua Kitabu Changu

Leo sina somo la kuhubiri. Nina jibu la swali ambalo mmeniuliza tangu Januari, wengine kwa ujumbe, wengine mlangoni baada ya ibada ya pili, na mama mmoja aliniuliza kaburini, udongo ukiwa bado haujafunikwa: "Pasta, kile kitabu kinatoka lini? Weka tu kwenye simu, sisi tutanunua."

Najua mtanunua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa wewe uliyejiunga nasi juzi, nimeandika kitabu kuhusu matanga. Miaka 14 nimezika watu, na ukikaa na familia nyingi hivyo usiku kucha kando ya moto unaona mambo. Nimeona kamati ya mazishi ikichanga laki tatu kwa wiki moja kwa ajili ya mtu ambaye akiwa hai hakupata wa kumchangia elfu tano ya dawa. Nimeona ndugu wawili wakigombania shamba mwili ukiwa mochari, na bili ya mochari ikipanda kila siku wanayogombana. Nimeona pia majirani maskini wakipika siku nne bila kuombwa. Nimekiandika kwa Kiingereza, kurasa 212, kwa sababu niliwafikiria watoto wetu walio Marekani na Uingereza. Wanakuja kuzika mzazi kwa siku nne, wanasimama pale na miwani nyeusi, halafu wanarudi bila kuelewa walichokiona.

Mswada upo. Mbele yangu kuna njia mbili, na wengi wenu mna miswada yenu kwenye droo na kwenye simu, kwa hivyo acha nifikirie kwa sauti ili na wewe upate la kuchukua.

Njia ya kwanza ndiyo ile mnayonisukumia. Najichapishia mwenyewe, kitabu pepe, bila kumwomba mtu ruhusa. Amazon walipoleta Kindle mwaka wa 2007 walifungua pia mlango wa mwandishi kupakia kazi yake mwenyewe, na mlango huo haujafungwa. Unajisajili bure. Unapakia faili, unaweka jalada, unapanga bei, na kwa kawaida ndani ya saa 72 kitabu kiko sokoni. Hata ISBN si lazima kwa kitabu pepe huko, wanakupa namba yao.

Pesa zake ziko hivi, sikiliza vizuri kwa sababu watu hudanganywa hapa. Ukiweka bei kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kupata asilimia 70, lakini kwa mauzo ya nchi zilizo kwenye orodha yao tu. Nje ya orodha hiyo, au nje ya bei hizo, ni asilimia 35. Halafu Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 kabla haujakufikia. Chukua kitabu cha dola 4.99 kilichonunuliwa na kijana wetu kule Dallas. Toa sehemu yao, toa senti chache za kusafirisha faili, toa kodi, utabaki na kama shilingi 300. Na hizo 300 haziji leo. Mauzo ya mwezi mmoja hulipwa siku 60 hivi baada ya mwezi huo kuisha.

Au naacha Amazon kabisa. Natengeneza PDF nzuri, natangaza namba ya M-Pesa, ukituma 500 nakutumia kitabu kwa WhatsApp. Zile 500 karibu zote ni zangu, usiku huohuo. Tukiwa 400 kanisani na nusu yenu mkinunua, hiyo ni laki moja kufikia Jumapili jioni. Na mimi nina watoto wawili sekondari. Usidhani pasta hajui kupiga hesabu.

Njia ya pili ni ya wakala. Wengi hamjawahi kumsikia mtu huyu kwa sababu kwetu hayuko sana. Wakala wa waandishi ni mtu anayesimama kati ya mwandishi na kampuni za uchapishaji. Ukoo wake ulianzia London karne ya 19, na mtu aliyeitwa A. P. Watt ndiye hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza. Kazi yake ni kusoma mswada wako, kukwambia pa kurekebisha, kuupeleka kwa wahariri anaowafahamu, na kukupigania kwenye mkataba. Huko Uingereza na Marekani kampuni kubwa nyingi hazipokei mswada uliotumwa na mwandishi moja kwa moja. Lazima upitie kwake.

Hulipwi kumpata, wala yeye hakutozi. Anachukua asilimia 15 ya unachopata, na mara nyingi asilimia 20 kwa mauzo ya nchi za nje na tafsiri. Usipopata kitu, naye hapati kitu. Hiyo ni habari njema, kwa maana mtu ambaye tumbo lake limefungwa pamoja na lako atafikiria mara mbili kabla ya kukubali kitabu kibovu. Habari nyingine ni kwamba kwa sababu hiyohiyo anakataa karibu kila kitu anacholetewa.

Na akikukubali, pesa kwa nakala ni kidogo. Kitabu cha jalada jepesi cha dola 16, mrabaha wa asilimia 7 na nusu, ni dola 1.20. Toa asilimia 15 ya wakala, umebaki na dola moja na senti mbili, na kodi bado. Kinachobadilisha hesabu ni malipo ya awali, yale unayopewa kabla kitabu hakijauzwa, na ambayo kwa kawaida hurudishi hata kitabu kikilala dukani. Kuna pia mhariri, mchora jalada na watu wa kuuza, wote wakilipwa na kampuni.

Kwa pesa ya nakala moja tu, mtoto wa darasa la sita atakwambia kujichapishia kunashinda. Ningekuwa natafuta pesa peke yake ningeishia hapa.

Lakini acha niwaambie nilichofanya. Kuanzia mwaka juzi nimetuma barua kwa mawakala 23, wengi London, wachache New York. Majina niliyapata kwenye kitabu kinachoitwa Writers' & Artists' Yearbook, kinachotoka kila mwaka Uingereza, na kwenye tovuti zao wenyewe. Kila mmoja ana masharti yake na lazima uyafuate kama unavyofuata masharti ya ubalozi ukiomba viza. Mara nyingi ni barua ya ukurasa mmoja, muhtasari, na sura tatu za kwanza. Kwa vitabu visivyo vya hadithi ya kubuni wengine wanataka pendekezo: kitabu kinahusu nini, nani atakisoma, vitabu gani vinafanana nacho, wewe ni nani hata uaminiwe.

Kumi na sita hawakujibu. Nilijifunza kwamba kule kimya cha miezi mitatu ni jibu. Sita waliandika sentensi mbili za heshima. Mmoja aliomba mswada mzima.

Huyo mama aliusoma wote. Sijawahi kumwona, hajui kanisa letu liko wapi, hajawahi kula chapati za matanga. Baada ya wiki tisa aliniandikia kwamba hawezi kuuchukua, haoni ni mhariri gani angeununua. Halafu, na hakuwa na deni langu lolote, aliongeza maswali. Mengi yalikuwa ya mgeni: kwa nini mtoto wa shangazi anaitwa ndugu, kwa nini gari la maiti lina spika. Lakini moja lilisema hivi, kwa maneno yangu: nimesoma mazishi tisa ya wanaume katika kitabu chako, na katika yote tisa hakuna mtu aliyemuuliza mjane kitu. Yuko wapi?

Wapendwa, mswada ule ulikuwa umesomwa na wazee watatu wa kanisa, na mama mchungaji, na mwalimu wa Kiingereza anayeimba kwaya. Wote walisema umejaa baraka. Hakuna aliyeuliza swali lile. Si kwa sababu hawana akili. Sisi sote tumezoea kumwona mjane ameketi kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, watu wakiamua juu yake. Ni kama ukuta wa sebuleni, huuoni tena. Ilihitaji mtu wa mbali aulize huyo ni nani.

Nikafunga kompyuta nikaanza kuwatembelea. Miezi mitatu, kila Jumanne, na mama mchungaji akiwa nami kwa sababu si vizuri pasta kumtembelea mjane peke yake. Saba kati ya wale tisa niliwapata. Tulikunywa chai nyingi. Mmoja alinieleza jinsi alivyosikia siku ya mazishi ya mumewe kutoka kwa mtu wa kukodisha viti. Mwingine alisema kamati ilinunua jeneza la elfu 70 na yeye alikuwa na watoto waliofukuzwa shule kwa karo ya elfu 12. Kitabu kimeongezeka kurasa 40, na ndizo kurasa bora zaidi mle ndani.

Na mmoja, baada ya kunisikiliza nikimsomea habari za mazishi ya mume wake, aliniambia kwa upole, "Pasta, hiyo itoe." Sikumuuliza sababu. Nimeitoa yote, sura nzima, sura ambayo wazee waliipenda kuliko zote.

Sasa fikiria. Mlikuwa mkiniambia niweke kitabu kwenye simu mwezi wa pili. Ningefanya hivyo, habari za nyumba ya huyo mama zingekuwa kwenye simu 200 kufikia Jumapili jioni, na kwenye simu 2,000 kufikia Pasaka, kwa sababu kitu cha WhatsApp hakirudi. Amazon unaweza kubadilisha faili, waliokwisha kununua ni hadithi nyingine, lakini angalau unaweza. PDF iliyokwenda kwenye kikundi cha ukoo imekwenda.

Ndiyo maana nasema kununua kwenu kunaninyima usingizi. Mnanipenda. Mtanunua kitabu kibaya kwa bei ya kitabu kizuri, mtaandika "Amina, chakula cha roho" hata hamjafika ukurasa wa 10, na hakuna hata mmoja atakayeniambia sura ya nne inachosha. Mwandishi wa kawaida akijichapishia na kitabu ni kibovu, soko litamwambia kwa kutonunua. Mimi sina hiyo. Nina watu ambao hawawezi kuniambia hapana. Mama anayeuza sukuma wiki akinitumia 500 kwa sababu nimetangaza nikiwa madhabahuni, hiyo si biashara, na sijui niite nini.

Kuna watu huniambia, "Lakini Pasta, wengi wamejichapishia na Mungu akawainua." Ni kweli, na nimesoma habari zao. Tazama lakini walivyofanya. Mnakumbuka filamu ya The Martian, yule mtu aliyeachwa Mars akapanda viazi? Mwandishi wake, Andy Weir, aliiweka sura baada ya sura kwenye tovuti yake, bure. Wasomaji wake hawakuwa jamaa zake. Walikuwa watu wa sayansi waliomwandikia kumwambia hapa hesabu yako si sahihi, na yeye akarekebisha. Ndipo mwaka wa 2011 akaiweka Kindle kwa senti 99 kwa sababu wasomaji waliomba, na ilipouzwa sana wakala na kampuni wakamfuata. Kampuni iliitoa 2014, filamu ikaja 2015.

Au chukua kitabu ambacho wengine wenu mmekisoma na tumebishana juu yake, The Shack. William Paul Young alikiandika kwa ajili ya watoto wake, akatoa nakala chache tu za kugawa. Wachapishaji wa Kikristo walikikataa, na wale wa kawaida nao wakakikataa. Marafiki zake wawili wakaanzisha kampuni ndogo mwaka wa 2007 wakakitoa wenyewe, na kikauza mamilioni. Mafundisho yake tuyaache kwa leo. Watu husimulia kukataliwa na mamilioni, wanaruka katikati. Kabla ya kukitoa wale marafiki walikaa na Young zaidi ya mwaka wakikiandika upya pamoja naye, tena na tena. Na baadaye, pesa zilipokuja, walifikishana mahakamani. Kwa hivyo hata na rafiki, hata na mzee wa kanisa mwenzako, andikeni mkataba.

Hapa kwetu pia kujichapishia si jambo geni. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha Comb Books hapa Nairobi akachapisha vitabu vyake mwenyewe, vikauzwa kama njugu. Havikuwa vitabu vya kusomwa Sunday school, na Tanzania ilivipiga marufuku baadhi yavyo. Lakini alijua msomaji wake ni nani: karani wa Nairobi aliyetoka kazini jioni. Hakungoja London imwambie.

Kujua msomaji wako. Hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana, na ndiyo maana jibu langu si jibu lako.

Kuna dada kati yetu, yuko kwaya, hataki nimtaje, ana mtoto mwenye selimundu. Ameandika kijitabu kwa Kiswahili, kurasa 70, karibu vyote kwenye simu, kwenye foleni za hospitali. Mtoto akianza kulia kwa maumivu usiku fanya nini kwanza. Maji kiasi gani. Dalili gani hazingoji asubuhi. Jinsi ya kumjibu mama mkwe anayesema ni laana ya upande wenu. Aliniuliza, "Pasta, na mimi nitafute wakala?"

Nilimwambia hapana, na sikumung'unya maneno. Hakuna wakala wa London atakayeuza kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 70, na msomaji wako hayuko London. Yuko Busia, yuko Siaya, yuko Kilifi, ana simu ya elfu nane na bando la shilingi 20. Atakisoma usiku mtoto akiwa mapajani. Huyo hawezi kungoja miaka miwili ya barua na mikataba, na hana kadi ya benki ya kununulia Amazon. Hata ungependa Amazon, wana orodha ya lugha wanazokubali kwa vitabu pepe, na kwa miaka mingi Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, hakikuwamo. Iangalie kwanza kabla hujapoteza wikendi ukipakia. Nilipoligundua hilo nilitembea kidogo nje ili hasira itulie.

Kwa hivyo yeye anajichapishia. PDF, herufi kubwa, faili nyepesi isiyomaliza bando, shilingi 200 kwa M-Pesa. Nilimuuliza kama haogopi watu kusambaziana bure. Akanijibu, "Wakisambaza, na mama mmoja akaacha kumpeleka mtoto kwa mganga, nimepoteza nini?" Sikuwa na la kuongeza.

Lakini nilimng'ang'ania jambo moja, na bado ninalo mkononi: asikitoe kabla hakijasomwa na watu wawili wasiomjua. Mmoja muuguzi wa kliniki ya selimundu, aangalie kila mstari unaohusu dawa. Mwingine mhariri wa Kiswahili anayelipwa. Alikuwa na elfu 60 kutoka kwenye chama. Mhariri amechukua 18, jalada 5, na zilizobaki zimerudi kwenye karo. Kabla ya hapo kuna mtu alikuwa amempigia akijiita mchapishaji, amependa sana kitabu bila kukisoma, anataka elfu 85 "za kukuingiza kwenye mfumo." Mpendwa, mchapishaji wa kweli anatoa pesa zake kwako. Wakala wa kweli hachukui ada ya kusoma. Ukiombwa pesa kwanza, huyo ni mfanyabiashara wa kukupigia chapa, na hakuna ubaya kumlipa mpiga chapa, ila uitwe mteja na upewe risiti, usiitwe mwandishi aliyechaguliwa.

Acha nipite haraka kwa mambo machache ambayo mnaniuliza sana. Hakimiliki ni yako tangu unapoandika, na kwa sheria yetu inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kwa Kenya Copyright Board ni ushahidi ukiibiwa, si kwamba bila hiyo huna haki. Ukitaka kuchapa karatasi na kuuza madukani, ISBN inatolewa na Kenya National Library Service, nenda mwenyewe, usimlipe mtu wa kati. Na weka nakala ya mswada mahali pengine. Yeremia alitamka maneno yote kwa mdomo, Baruku akaandika kwa wino, mfalme Yehoyakimu akakikata kile kitabu kwa kisu na kukitupa motoni, na wakalazimika kuanza upya. Simu yako ikiibiwa stendi ya matatu hakuna Baruku.

Tena mjue kwamba hapa Kenya kuna mlango wa tatu unaosahaulika. Wachapishaji wetu wengi wa Nairobi hupokea mswada moja kwa moja, bila wakala. Ken Walibora hakuhitaji New York ili Siku Njema itoke kwa Longhorn mwaka wa 1996 na kusomwa na kizazi kizima shuleni. Hadithi ya John Kiriamiti nayo ilitoka hapa hapa mwaka wa 1984. Shida ya mlango huu ni kwamba kampuni nyingi zinaishi kwa vitabu vya shule, na kitabu kisichoweza kuingia darasani hungoja sana kwenye foleni. Lakini foleni ipo, na barua pepe moja ni bure.

Nami je? Kurasa 40 za wajane zimebadilisha kitabu, kwa hivyo nina haki ya kubisha tena. Nimeandika barua mpya inayoanza na mjane kwenye mkeka badala ya kuanza na mimi. Nitatuma kwa mawakala wengine 12 na kuwapa hadi mwisho wa Desemba. Yule mama wa maswali nimemwandikia pia kumshukuru, bila kumwomba kitu. Januari wakiwa wamenyamaza, naupeleka kwa wachapishaji wawili wa Nairobi. Nao wakikataa, namlipa mhariri asiyenijua, halafu naweka kitabu pepe mwenyewe, Amazon kwa watoto wetu walio nje na M-Pesa kwa walio hapa.

Siku hiyo ikifika hutanisikia nikikitangaza madhabahuni. Namba itakuwa kwenye ukurasa huu tu, na sitaona majina ya walionunua, kwa sababu binti yangu ndiye atakayekuwa na simu hiyo. Usiponunua sitajua. Ukinunua na ukichoshwa, mwambie yeye, ameahidi kunipa malalamiko bila kuyapaka asali.

Kwa wenye miswada: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, darasa la Sunday school. Nimewaalika watu sita kutoka kanisa jirani wanaoandika pia, hamjuani nao. Njoo na kurasa 10 zilizochapwa kwenye karatasi, usije na simu. Utampa mtu wa kanisa lile kurasa zako, utachukua zake, mtasoma kimya kwa saa moja kisha mtazungumza. Jina la mwandishi lisiwe juu ya karatasi. Kalamu nyekundu ninazo, chai na mandazi ni ya mama mchungaji.